Ukurasa wa Tisini na Tano

Pale Isevya, nyuma ya ghala la tumbaku,
Mama Kalunde aliuza mafuta ya taa kwa kibaba
na kwa mkono uleule akakodisha vitabu vya kutisha,
shilingi mbili kwa usiku.
Mjanja yule. Alijua ukichukua kitabu
kesho utarudi na chupa tupu.

Vyenyewe vijitabu tu:
karatasi ya kijivu inayonyonya jasho,
pini mbili za kutu mgongoni,
harufu ya taa, ya dagaa, ya mikono ya watu.
Vilishuka na treni ya Dar es Salaam
katikati ya magunia ya chumvi,
vingine vimelowa, vingine vimekaliwa.
Jaladani mwanamke wa gauni la njano anapiga yowe.
Ndani hayumo. Nimemtafuta ukurasa kwa ukurasa.
Nadhani mchoraji alikuwa na yowe lake mwenyewe
akaliweka palipopatikana nafasi.

Nilichokipenda kiliitwa Sanda Yenye Mifuko.
Tajiri anazikwa, anarudi usiku
nyumba hadi nyumba kudai madeni,
na akilipwa anatia mfukoni, mfuko unalia: chwa.

Tulikisoma chini ya blanketi moja, dada yangu Nyamizi na mimi,
kibatari ndani ya kopo la maziwa.
Blanketi liliungua tundu la ukubwa wa sarafu;
mama akawekea panya sumu.
Maiti akisema, Nyamizi aliishusha sauti tumboni,
wadaiwa wakijibu, aliibana puani,
na huko stesheni wanapanga mabehewa,
chuma kinagonga chuma,
nasi tunahesabu: huyo, yuko nyumba ya tatu.

Ukurasa wa tisini na nne, mstari wa mwisho:
Komeo likajifungua lenyewe, na aliyesimama pale alikuwa

Basi. Pamechanwa.
Tulimlaani aliyechana: amesokotea tumbaku,
amekwenda nayo chooni, Mungu amwone.
Nyamizi akamalizia kwa kichwa chake.
Siku moja alikuwa mkata tiketi asiye na macho.
Siku nyingine Mama Kalunde, na kibaba chake kimejaa damu.
Usiku mvua ilipopiga bati, alikuwa mimi.
Nilikojoa. Sisemi uongo, nilikojoa.

Juzi treni ya Kigoma imechelewa saa sita,
natembea stesheni kunyoosha miguu,
kijana kaanika vitabu chakavu juu ya gunia,
nikaliona yowe la njano.
Kizima. Pini zote mbili.
Sikuuliza bei. Nikafungua tisini na tano nimesimama.

Alikuwa mkewe, akimwamsha.
Kumbe ilikuwa ndoto. Wakanywa chai.

Chai!

Nikakaa juu ya begi langu.
Miaka yote ile, na yule tuliyemlaani
pengine naye alisimama hivi, akasoma,
akatuonea huruma tuliokuwa nyuma yake kwenye foleni.
Nikauchana taratibu, nikampa muuza karanga.
Akafungia za mia tano, hakutazama hata herufi.

Nyamizi tulimzika mwaka juzi, Kiloleni.
Nilikuwa miongoni mwa waliomkosha.
Niliipapasa sanda pembe kwa pembe,
shangazi akanikata jicho. Haikuwa na mfuko.

Zile shilingi mbili za usiku ule alitoa yeye.
Nikasema nitakulipa Ijumaa.

Leo umeme umekatika tangu magharibi.
Nimesoma kwa sauti, ya tumboni na ya puani,
vibaya zote mbili, hadi tisini na nne.
Shilingi mbili hazipo tena duniani;
nimeweka sarafu ya mia mbili mezani.
Komeo sijalitia.
Chenji abaki nayo,
kama ana pa kuitia.